Kuta za Karakana zetu za Nyumbani
(Maneno ya Kamati ya Ujenzi kwa wanachama)

Ndugu wanachama, tumepita kwenye vibanda vya maseremala na wahunzi. Wengi wameziba kuta kwa magunia na makuti. Jamani, hizo ni kuni! Cheche moja tu, na randa, meza ya kazi na mbao za wateja vimekwisha.

Wapo wanaotaka kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Sisi tunasema hapana. Udongo hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, saruji haiufuati. Itapasuka, ibanduke, na fedha ndiyo imekwenda. Ukandikeni kwa udongo wenye mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, kisha pakeni chokaa. Weupe wake huongeza mwanga, fundi akauona mstari wake. Ila chokaa mbichi ikitiwa maji huchemka, watoto wakae mbali.

Mwenye tofali za kuchoma apige lipu: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 6, amwagilie maji siku 7.

Mhunzi aweke bati upande wa moto, lakini lisigusane na nguzo za miti.

Jumamosi tutapita tena. Magunia yawe yameshashushwa.