Kusimamishwa si Kuhukumiwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Uingereza)



Natanguliza shukrani kwa Kamati ya Matayarisho iliyonipa heshima ya kuzungumza siku ya leo, na kwa jamaa waliotoka Muscat, Mombasa, Unguja na Toronto ili tuonane uso kwa uso. Nimetakiwa nizungumzie malezi ya vijana wetu ugenini. Uwanja huo ni mpana, nami nitashika upande mmoja tu: polisi wa hapa kuwasimamisha vijana njiani na kuwapekua. Jambo hili hutendeka barabarani, lakini madhara yake hulala majumbani mwetu.

Yuko kijana mmoja wa ukoo huu. Ameniruhusu nikieleze kisa chake, ila jina lake nisilitaje. Katika mwaka mmoja alisimamishwa mara tatu akitoka chuoni, mkoba wa vitabu begani. Mara zote tatu hakukutwa na kitu, akaambiwa aende zake. Nyumbani hakusema neno. Mama yake alikuja kujua siku aliyotaka kufua koti, akakuta mfukoni karatasi mbili za polisi zimekunjwa. Alipomuuliza kwa nini alificha, kijana alijibu: "Mama, nilijua mtaniuliza nilifanya nini."

Ndugu zangu, jibu hilo lina uzito. Kijana alikwisha kutiliwa shaka na askari, akachelea kutiliwa shaka na wazazi wake pia.

Wazazi wanaouliza hivyo wana asili yao. Katika Kenya ya mkoloni, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, hati yenye alama za vidole vyake, ndani ya kijaluba cha bati alichokivaa shingoni. Askari aliyemsimamisha hakuwa na haja ya kujieleza. Mwenye kujieleza alikuwa yule aliyesimamishwa. Kipande kiliondoshwa miaka mingi iliyopita, lakini hofu yake tumeirithi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ndipo mzee akisikia mjukuu amesimamishwa na polisi, neno la kwanza kumjia ni aibu.

Sheria ya Uingereza na Wales, kwa maandishi yake, imeugeuza wajibu huo. Hapa mwenye kutakiwa kueleza sababu ni askari. Haki hiyo haikupatikana bure. Kwa miaka mingi polisi walitumia kifungu cha sheria ya uzururaji ya mwaka 1824, kilichowawezesha kumkamata mtu kwa kumshuku tu kwamba amekusudia uhalifu, na vijana weusi wa mijini wakaonja uchungu wake. Aprili 1981, huko Brixton, London, ulifanyika msako ambamo watu 943 walisimamishwa katika siku chache. Waliokamatwa walikuwa 118. Mtaa ukalipuka kwa ghasia na moto. Jaji Scarman, aliyefanya uchunguzi, alieleza mwaka huo huo kwamba ghasia zile zilikuwa mlipuko wa hasira za vijana weusi dhidi ya polisi. Kifungu kile kikafutwa mwaka 1981, na sheria ya polisi ya mwaka 1984 ikamtaka askari awe na sababu za kuridhisha kabla ya kumpekua mtu, amweleze sababu hizo, kisha aziandike.

Hata hivyo, sheria kuandikwa ni jambo moja na kufuatwa ni jambo jingine. Stephen Lawrence, kijana wa miaka 18, aliuawa na wabaguzi mwaka 1993 akiwa anasubiri basi. Ripoti ya Jaji Macpherson ya mwaka 1999 juu ya uchunguzi wa mauaji hayo ilitamka wazi kuwa ndani ya polisi wa London umejengeka ubaguzi wa rangi. Takwimu za serikali za mwaka ulioishia Machi 2023 zinaonyesha kwamba mtu mweusi alikuwa na uwezekano wa kupekuliwa zaidi ya mara nne kuliko mzungu. Na katika kila upekuzi kumi, takriban saba haukufuatiwa na hatua yoyote. Basi mwanao akisimamishwa, usikate shauri kwamba ana kosa. Hesabu zenyewe hazikuruhusu.

Sisemi kwamba polisi hawana kazi. Visu vinaua watoto katika miji hii, na mzazi yeyote mwenye akili hutaka silaha ziondolewe mitaani. Lakini polisi wa nchi hii hujivunia kwamba hufanya kazi kwa ridhaa ya raia, na ridhaa ni kitu kinachopungua kidogo kidogo. Yule kijana wetu, miezi michache baada ya kupekuliwa mara ya tatu, alishuhudia bibi kizee, jirani yao, akinyang'anywa mkoba kituoni pa basi. Alimwinua, akamsindikiza mpaka mlangoni kwake. Walipokuja askari kutafuta mashahidi, alikataa kutoa ushahidi. Mwizi hakupatikana. Hapo nani aliyepata hasara? Si polisi peke yao. Yule bibi ndiye aliyekosa haki yake.

Sasa naomba niwausie wajukuu zangu. Nazungumzia mtembea kwa miguu, maana dereva ana masharti yake. Askari akikusimamisha, usikimbie wala usitukane. Adabu si woga. Muulize kwa upole: unanizuia kwa sheria gani, unatafuta nini, na kwa sababu gani? Uliza jina lake au namba yake, na kituo chake. Akisema amri imetolewa kwa eneo zima, jua kwamba sheria ya mwaka 1994 yaruhusu hivyo kwa muda maalumu, bila ya wewe binafsi kushukiwa. Hulazimiki kutaja jina lako kwa sababu tu unapekuliwa. Hadharani hawezi kukutaka uvue zaidi ya koti, jaketi na glavu, ila pale anapotumia amri ile ya eneo, au sheria ya ugaidi. Kisha omba nakala ya maandishi ya upekuzi. Usipoipata papo hapo, unayo miezi mitatu ya kuidai.

Karatasi hiyo usiitupe. Nimefanya kazi ya serikali miaka mingi, na ofisini lisiloandikwa huhesabiwa kwamba halikutokea. Malalamiko yenye tarehe, saa na namba ya askari hujibiwa. Yenye machozi matupu huwekwa kando.

Nanyi wazazi wenzangu, nawaomba jambo moja. Kijana akija na habari hiyo, msianze kwa kumuuliza alifanya nini. Muulizeni: "Walikueleza sababu? Walikupa karatasi?" Mketisheni, mwandike pamoja yote anayoyakumbuka. Ikiwa alionewa, mpelekeeni malalamiko yake kwa polisi wenyewe, mkifuatana naye. Kijana akiona wakubwa zake wamesimama naye, atakuwa na moyo wa kusimama shahidi siku jirani atakapomhitaji.

Walioko nchi nyingine wana sheria zao, na yafaa kila tawi la ukoo lizisome na kuwafundisha watoto. Wazee wetu walisema mnyonge hana haki. Hapa haki ipo, imeandikwa. Ila asiyeijua ni sawa na asiyekuwa nayo.