Pumzi Inapobana: Kutambua Dalili na Visababishi vya Kubana kwa Mirija ya Hewa

Hotuba kwa watumiaji wa dawa wa Mbwara, delta ya Rufiji na Kibiti



Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba imekabidhiwa kisheria wajibu wa kulinda afya ya mwananchi kwa kuhakikisha kwamba dawa anayouziwa ni salama, ina ubora, na inafanya kazi iliyokusudiwa. Hata hivyo, dawa iliyo bora haimfai mtu asiyejua ni wakati gani aitumie. Ndiyo sababu leo sitaanza na dawa. Nitaanza na pumzi, na kile kinachoifanya ibane.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa tatizo hili, kuyaona mawingu mapema ni jambo la uhai. Mkazi wa mjini akizidiwa hupanda gari akafika hospitali. Mkazi wa delta husubiri maji yajae ndipo mashua itoke kwenye mikoko, na mkazi wa bara hutegemea barabara ambayo masika huweza kuifunga. Mwezi Aprili 2024 sote tulishuhudia mafuriko yalivyoingia katika vijiji vya Rufiji na Kibiti. Mahali ambapo safari ni ndefu, mgonjwa hana budi kuanza safari mapema, na hawezi kuanza mapema asipozijua dalili.

Kinachotokea kifuani

Hewa huingia mapafuni kwa kupitia mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, kila tawi likizidi kuwa jembamba. Mirija hiyo imezungukwa na misuli. Kwa watu wengine misuli hiyo ni nyepesi mno kushtuka: ikiguswa na moshi, vumbi, baridi au mafua, hukaza ghafla. Papo hapo ngozi laini ya ndani ya mirija huvimba, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Ugonjwa unaofanya hali hii ijirudie mara kwa mara ndio tunaouita pumu.

Pumu haiambukizi, wala si aibu ya ukoo, ingawa mara nyingi huwapata watu wa familia moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Vifo vingi kati ya hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako wagonjwa wengi huchelewa kutambuliwa au hawapati dawa sahihi.

Dalili za mwanzo

Dalili kuu ni nne: kifua kubana, kukosa pumzi, kikohozi, na sauti nyembamba kama mluzi, hasa wakati wa kutoa pumzi. Si lazima zote zije pamoja. Wapo wasiotoa mluzi hata kidogo, ila hukohoa tu; na wapo watoto ambao dalili yao ya pekee ni kikohozi kinachowaamsha usiku au kinachowashika baada ya kukimbia na kucheka.

Angalieni pia mwenendo wa dalili hizo. Kubana kwa mirija huja na kuondoka. Huzidi usiku wa manane na kuelekea alfajiri. Huanza au huongezeka mtu akikutana na kitu fulani, kisha hupungua akiondoka mahali pale. Mtu anayesema, "Mimi kila nikipepeta mpunga hukohoa siku mbili," amekwisha kumpa mganga nusu ya jibu.

Si kila anayekoroma kifuani ana pumu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, pamoja na kukonda na kutokwa jasho usiku, kinahitaji kipimo cha kifua kikuu. Homa na kupumua haraka kwa mtoto mdogo huweza kuwa nimonia. Kukosa pumzi mtu anapolala chali, pamoja na kuvimba miguu, huweza kutoka kwenye moyo. Na mtoto aliyekuwa mzima, akaanza ghafla kukohoa na kutoa mluzi wakati anakula karanga au korosho, huenda amepaliwa na punje iliyoingia kwenye njia ya hewa. Wote hawa wapelekwe kituoni. Mtoto aliyepaliwa apelekwe bila kukawia.

Visababishi vilivyo katika mazingira yetu

Cha kwanza ni moshi. Jiko la kuni au la mkaa lililo ndani ya chumba kisicho na dirisha humwathiri mama na mtoto aliye mgongoni mwake kila siku. Wabanikaji wa samaki na wachoma mkaa hukaa ndani ya moshi kwa saa nyingi. Sigara, udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma ni moshi vilevile, hata kama harufu yake inapendeza. Serikali inao Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034; lakini kabla gesi haijafika kila nyumba, kuhamishia jiko nje, kukausha kuni vizuri na kumtenga mtoto na moto ni hatua zinazowezekana leo.

Cha pili ni vumbi la kazi. Kupura na kupepeta mpunga, kufagia ghala na kukoboa nafaka hurusha chembe ndogo mno. Kwa wenye mikorosho, salfa ya unga inayopulizwa kuzuia ubwiriunga huwasha macho na koo, na huweza kuibana mirija ya hewa. Mwenye pumu asipewe kazi ya kupuliza, wala asikae upande ambao upepo unapeleka unga. Anayepuliza afunike pua na mdomo kwa kinga inayofaa, na aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Cha tatu ni mazao ya bahari. Katika nchi mbalimbali imethibitika kwamba mvuke na matone yanayoruka wakati wa kuchemsha na kusafisha kamba na kaa huweza kusababisha pumu kwa wafanyakazi ambao hawakuwa nayo awali. Kama kifua chako hubana siku za kazi ya kamba na kufunguka siku za mapumziko, mweleze mganga jambo hilo. Usingoje hadi hali iwe ya kudumu.

Cha nne kimo chumbani. Wadudu wadogo wasioonekana kwa macho huishi katika magodoro na mito, ikiwemo ile ya usufi. Ukungu huota kwenye kuta zilizoloa, na nyumba iliyoingiliwa na mafuriko hubaki na unyevu muda mrefu baada ya maji kuondoka. Anikeni matandiko juani, fungueni madirisha, na ukungu usuguliwe na mtu asiye na pumu.

Vipo pia visababishi visivyoepukika kwa urahisi: mafua, mabadiliko ya hali ya hewa, mazoezi makali, hata kilio na hofu. Kwa hivyo kinga ni kuwa na dawa sahihi.

Dawa zinazoweza kubana pumzi

Hapa ndipo penye wajibu wetu hasa, na naomba masikio yenu. Zipo dawa zinazotibu maradhi mengine lakini zikambana pumzi mwenye pumu. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kila siku kwa maumivu ya mgongo na viungo, huwadhuru baadhi ya wagonjwa wa pumu. Propranololi na atenololi, zinazotumika kwa shinikizo la damu na maradhi ya moyo, huweza kuikaza mirija. Hata timololi, ambayo ni matone ya macho kwa ajili ya presha ya macho, huingia mwilini na kuleta athari hiyohiyo.

Msiache ghafla dawa mliyoandikiwa na daktari. Rudini kwake mumweleze. Lakini kabla ya kununua dawa yoyote katika famasi au Duka la Dawa Muhimu, tamka mwenyewe: "Mimi nina pumu; je, dawa hii inanifaa?" Muuzaji hawezi kukisia, na swali hilo halina gharama.

Nakumbusha pia kwamba viuavijasumu havifungui mirija iliyobana. Huua bakteria tu. Na mgonjwa anayehangaika kwa kukosa pumzi asipewe dawa ya usingizi kama diazepamu ili atulie. Wasiwasi wake unatokana na kukosa hewa, na dawa hiyo huweza kudhoofisha pumzi kidogo aliyobaki nayo. Vivyo hivyo, kumfukiza kwa moshi wa majani ni kumwongezea kile kilichombana.

Dawa mbili zenye kazi mbili

Dawa ya kutanua mirija, ambayo inayojulikana zaidi ni salbutamoli, hulegeza misuli ndani ya dakika chache, na nguvu yake hudumu kwa saa nne hadi sita. Haiondoi uvimbe. Dawa ya kuzuia, kama beklometasoni, hupunguza uvimbe polepole, na hufaa ikitumiwa kila siku, hata siku ambayo mgonjwa anajiona mzima. Baada ya kuivuta, sukutua kinywa kwa maji.

Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unaoitwa GINA haupendekezi mtu mzima ategemee dawa ya kutanua mirija peke yake. Ukiona unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, ujue uvimbe umebaki ndani, rudi kliniki. Woga kwamba inhela humfanya mtu awe mtumwa wake hauna msingi. Dawa ya kuvuta hufika mapafuni moja kwa moja, kwa kiasi kidogo kuliko vidonge.

Kwa watoto, na kwa yeyote aliyebanwa sana, inhela itumike pamoja na spesa, yaani chombo kinachoshika dawa kabla ya kuvutwa. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa inhela na tundu likazibwa lisivujishe, iliwafaa watoto wenye pumu sawa na spesa ya kiwandani. Mwombe mtoa huduma akuonyeshe namna ya kuitengeneza.

Unaponunua inhela, kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na kama kasha halijafunguliwa. Andika siku uliyoanza kuitumia na uhesabu mivuto; zilizo nyingi zina mivuto 200. Kuitumbukiza majini ili kuona kama inaelea si kipimo cha kuaminika. Usiiache juani ndani ya mashua, usiitoboe, wala usiitupe motoni.

Dalili za hatari na hatua za kuchukua

Hali imekuwa ya hatari mgonjwa anaposhindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja. Anapovuta kwa nguvu hadi shingo na mbavu zinabonyea. Mtoto anaposhindwa kunyonya. Ulimi au ufizi unapogeuka rangi ya kijivu au samawati. Anapoanza kusinzia au kuchanganyikiwa. Na dalili inayowadanganya wengi ni hii: mluzi unanyamaza huku mgonjwa bado anahangaika. Huko si kupona. Hewa imepungua kiasi kwamba haitoi tena sauti.

Mketishe wima, usimlaze. Legeza nguo, mtoe penye moshi, na watu wasimzonge. Kama daktari wake hakuacha maelekezo mengine, mpe mivuto minne ya salbutamoli kwa spesa, mmoja mmoja, ukitikisa inhela kila mara, na kila mvuto aupumue mara nne. Subiri dakika nne. Asipopata nafuu, rudia, na endelea kurudia njiani. Akiwa na dalili yoyote ya hatari niliyoitaja, chombo kitafutwe wakati dawa ya kwanza inatolewa. Hata akipata nafuu, siku hiyohiyo aonwe na mtoa huduma, kwani uvimbe huweza kurudi usiku, na usiku huenda maji yakawa yamekupwa.

Ndugu wananchi, dawa ikikudhuru, au ukiitilia shaka, toa taarifa katika kituo cha afya au kwa namba zilizochapishwa nyuma ya kijitabu hiki, na uhifadhi kasha lake. Kwa leo naomba kila nyumba yenye mgonjwa wa pumu ikubaliane mambo matatu kabla ya jua kuchwa: inhela inakaa wapi, nani mwingine anajua kuitumia, na mashua au pikipiki ya nani itaitwa. Mazungumzo hayo ni ya dakika chache, na hufaa yakifanywa siku ambayo mgonjwa anapumua vizuri.