Kuacha ya Nyuma Bila Kuyazika: Maneno Yetu Siku ya Miaka Kumi

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Amani.)

Kikundi hiki tangu mwanzo kina wa kanisani na wa msikitini. Tukitaja Biblia leo mtuvumilie, maana ndiko wengi wetu tulikojifunzia maneno haya.

Tumeombwa tuseme juu ya kuanza upya. Jamani, watu wa Amani tukianza kuhesabu mianzo mipya tutalala hapa. Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti hapa mwaka 1902, wakapanda miti kutoka pande zote za dunia. Vita ikaja, Waingereza wakachukua. Mwaka 1948 utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, Kenya, na baadaye wakaja watu wa malaria. Hadi leo wapo wazee wetu ambao ukiwapa kikombe cha chai watakueleza habari za umeme, dispensari na mishahara ya wakati ule, kana kwamba Mungu aliishi Amani kisha akahama.

Halafu iliki. Hilo hatutalipitia haraka, kwa sababu wengi wetu tulisomeshwa na iliki. Inataka kivuli cha msitu, na baada ya miaka kadhaa mavuno hupungua, ukasogea mbele. Mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilipoanzishwa tulijua mipaka imekuja. Miaka ya 2000 ikafika zamu ya Derema, ile sehemu ya msitu inayounganisha misitu mingine. Zaidi ya wakulima 1,000 walikuwa na mazao mle ndani. Walilipwa fidia ya mazao, mashamba wakayaacha. Aliyeridhika yupo, asiyeridhika yupo, na nyumba zilizogombana juu ya nani apokee zile pesa zipo pia, tena nyingine tunazijua kwa majina ya baba na mama. Leo hatuzitaji.

Na vipepeo. Ufugaji wa vipepeo ulianza huku mwaka 2001. Mgeni asiyejua atacheka, lakini akina mama wa vijiji hivi walijenga vizimba vya neti, wakapanda majani ya kulishia viwavi, na kipepeo akiwa bado ndani ya kifuko chake anafungwa, anasafirishwa haraka Ulaya na Marekani kabla hajatoka. Ada za shule zilitoka humo. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na kipepeo akahesabiwa humo humo pamoja na nyani. Biashara ikasimama kama gari lililokatika breki likagonga ukingo. (Msihofu, hatutahubiri juu ya kiwavi kugeuka kipepeo. Mahubiri hayo mmeshayasikia kila Pasaka.)

Ndio mwaka ambao kikundi chetu kilianza. Hatukuanza kwa sababu tulikuwa na pesa, tulianza kwa sababu zilikuwa zimekwisha. Na kwa muda mrefu adui wetu mkubwa hakuwa umaskini. Alikuwa ni neti. Wapo waliokataa kabisa kuzigusa zile neti za vizimba. Kila mkutano, badala ya kununua hisa, mazungumzo yanageuka: tutaruhusiwa lini? Nani amesikia nini Muheza? Mwenzetu mmoja akapanda mchicha, akakata neti yake akafunikia miche isiliwe na kuku. Walimsema sana! Wakasema amekata tamaa. Yeye akawajibu kuwa vipepeo wakirudi atanunua neti nyingine kwa pesa ya mchicha.

Tukakumbuka wana wa Israeli jangwani, katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11. Walilia wakikumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti na vitunguu. Kumbukumbu nzuri mno, mtu anaona hata mate yanamjaa. Lakini hawakutaja matofali, wala mjeledi. Sisi nasi tulipokumbuka iliki hatukutaja mgongo uliobeba magunia kwenye mtelemko, wala bei iliyopangwa na mnunuzi peke yake. Ya zamani yana tabia hiyo: yanakuja yameoga na kujipaka mafuta.

Basi, kuacha ya nyuma ni nini? Hapa ndipo tulipobishana wenyewe kwa wenyewe, na kwa kweli tulibishana kweli kweli. Wako wanaosema Mkristo akisamehe amefuta, hakuna kuuliza tena. Likaja jambo lenyewe: mwenzetu aliyekopa, akashindwa, akaondoka mlimani bila kuaga, na baada ya miaka akarudi akiomba kuingia mzunguko mpya. Wengine wakasema afutiwe, ndiyo imani. Wengine wakasema asikanyage.

Tukasoma Torati. Kumbukumbu la Torati sura ya 15 inaagiza kila mwaka wa saba madeni yaachiliwe, na papo hapo inamwonya yule anayeona mwaka wa saba unakaribia akaanza kumnyima ndugu yake mkopo. Mnaona? Mungu anawajua wakopeshaji! Kisha tukasoma ile barua fupi ya Paulo kwa Filemoni. Onesimo ni mtumwa aliyeondoka kwa bwana wake, sasa anarudishwa apokelewe kama ndugu. Paulo hasemi deni halikuwapo. Anasema kama lipo, liandikwe juu yake, naye anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Hapo mabishano yetu yalitulia. Kumpokea mtu ni jambo moja na daftari ni jambo jingine, na yote mawili yanaweza kukaa meza moja.

Wanachama wawili wakajitolea kuandikwa wadhamini wake. Yeye akalipa kidogo kidogo, wiki kwa wiki, mpaka likaisha. Leo ni mmoja wa watunza funguo watatu wa sanduku letu. Ni nani, hatusemi, na anayejua anyamaze, ndiyo maana ya kuachilia.

Wengine mmefika Zanzibar mkaona kanisa la Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na wamisionari wa UMCA, ndio hao hao waliohubiri huku kwetu Magila, wakajenga kanisa palepale. Wangeweza kujenga mahali safi zaidi. Na hata leo nje ya kanisa zipo sanamu za watumwa shingoni wamefungwa mnyororo. Watu wanatoka ibadani wanapita karibu nazo. Sisi tunaona walifanya sawa. Pale hapakufichwa kitu, na bado soko halikurudi.

Sasa matangazo, maana mweka hazina anatukazia macho. Jumamosi ijayo tunavunja sanduku, kila mtu anapewa chake kwa hisa zake, na mzunguko mpya unaanza wiki inayofuata. Daftari la zamani halichomwi moto kama wengine walivyopendekeza. Litafungwa kamba na kuwekwa chini kabisa sandukuni, na jipya litawekwa juu yake. Mwenye deni amwone katibu kabla ya Ijumaa. Mwenye kinyongo na mwenzake, naye aende kabla ya Ijumaa, lakini kwa huyo mwenzake, asije kwa katibu. Neti zilizobaki kwenye vizimba zinatakiwa na wenye bustani za mboga, bei mpatane.

Chakula kiko tayari nyuma ya kanisa, nyama imechinjwa na ndugu yetu Mwislamu, kwa hiyo kila mtu ale.