Kisu cha Kukunja na Komeo Lake

Fungueni vitabu vyenu, tuanze.

Leo tutasoma habari za kisu cha kukunja, kile kinachokaa mfukoni. Kisu hiki kina kazi mbili zinazogombana. Kwanza, kifunguke kwa wepesi. Pili, kikiisha kufunguka kikae imara, kisirudi kukata vidole.

Kwa nini zinagombana? Tazama kisu cha kawaida. Ndani ya mpini mna kamani inayosukuma shina la bapa. Kamani ikiwa ngumu, bapa hukaa vizuri, lakini kulifungua ni taabu. Ukucha huvunjika, na mkono ukiteleza utajikata. Kamani ikiwa laini, kisu hufunguka upesi, na hujifunga upesi vilevile.

Hatari iko wapi? Ukikata kamba, nguvu ya mkono husukuma bapa upande wa kufunguka. Hapo huna hofu. Lakini ukitoboa kwa ncha, au ukigonga mgongo wa kisu, bapa laweza kurudi kwenye vidole.

Sasa tazama kisu kimoja cha Ufaransa. Katika nchi ya milima ya Savoie, kisu kiitwacho Opinel kilianza kutengenezwa mwaka 1890. Mpini wake ni wa mti, wala hakina kamani. Mwaka 1955 kilitiwa pete ya chuma inayozunguka. Pete hiyo ina pengo. Pengo likilingana na mfereji wa mpini, bapa hupita. Ukizungusha pete, pengo huondoka, na chuma cha pete huzuia bapa lisirudi. Pete ndiyo komeo. Basi wepesi wa kufungua haupunguzi nguvu ya kufunga, kwa sababu kila kazi ina kifaa chake.

Lakini komeo halifanyi kazi usipolifunga. Tena, mti ukilowa huvimba na kubana bapa. Usilivute kwa nguvu. Acha kisu kikauke kwanza.

Ukienda dukani, usipendezwe na wepesi peke yake. Fungua kisu, funga komeo, weka vidole mbali na njia ya makali, kisha sukuma mgongo wa bapa taratibu. Likilegea, usikinunue. Kisu kigumu kitakuchosha. Kisu kisichoshika kitakukata.

Maswali ya darasani:
1. Kamani laini ina faida gani, na hasara gani?
2. Pete huzuiaje bapa lisirudi?