Majuma Mawili Yaliyopotea

(Mazungumzo ya asubuhi redioni)

 

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya mbio, hakuwa akisema na watu wasiojua mbio ni nini. Karibu na mji wao, mahali panapoitwa Isthmia, yalifanyika mashindano makubwa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani ambayo hayakukawia kunyauka. Someni wenyewe 1 Wakorintho 9, tangu aya ya 24 hadi mwisho wa sura. Mtaona kwamba Paulo hatazami siku ya mashindano peke yake. Anamtazama pia mkimbiaji anayejinyima na kuutiisha mwili wake siku zile ambazo hakuna mtu aliyekuja kumshangilia. Asubuhi hii tukae hapo, katika mazoezi.

Nitawapeleka mbali kidogo, mpaka Birmingham, mji ulio katikati ya Uingereza. Yuko huko dada mmoja wa parishi yetu, muuguzi, mzaliwa wa Taita, mwenye umri wa miaka 46. Anajitayarisha kukimbia nusu marathoni, yaani kilomita 21 na mita kama 100 juu yake. Waingereza anaofanya nao kazi, wakisikia kuwa ni Mkenya, hudhani alizaliwa akikimbia. Kumbe mara ya mwisho kukimbia alikuwa darasa la saba, tena alikuwa akiiwahi kengele. Daktari alimwambia kwamba presha yake imepanda na kwamba imempasa kuushughulisha mwili. Wenzake wa wodini walikuwa wamekwisha kujiandikisha katika mbio hizo, naye akajiandikisha pamoja nao.

Mahali anapofanyia mazoezi ni kando ya mfereji. Ukisikia mfereji, usifikiri ile ya kumwagilia mpunga kule Mwea. Hii ni kama mito iliyochimbwa kwa mikono ya watu ili mashua zipitishe makaa ya mawe, chuma na nafaka, kabla reli hazijajengwa. Waingereza walianza kuichimba kwa wingi tangu miaka ya 1760. Huu anaoukimbilia dada yetu unatoka Birmingham hadi Worcester, maili 30, nao ulimalizika mwaka 1815. Mashua zile hazikuwa na injini. Zilivutwa kwa kamba ndefu na farasi aliyetembea ukingoni, na ndiyo maana kando ya mfereji pana njia nyembamba iliyonyooka. Farasi mmoja aliweza kuvuta majini shehena ya tani 25 na zaidi, mzigo ambao hangeweza kuutikisa barabarani. Baadaye zikaja injini, farasi wakaondoka, njia ikabaki. Leo ni ya watembeaji, wenye baiskeli, wavuvi wa ndoana, na watu kama dada yetu.

Huanzia Gas Street, katikati ya mji, akapita Edgbaston, akaingia katika handaki fupi la mita kama 100 ambalo njia hupita ndani yake, akapita nyuma ya chuo kikuu, kisha Bournville. Hapo Bournville ndipo familia ya Cadbury ilipofungua kiwanda chake cha chokoleti mwaka 1879. Walikuwa watu wa Kanisa la Marafiki, kama ndugu zetu wengi wa Kakamega na Vihiga. Mwisho hufika King's Norton, pale mfereji wa Stratford unapoungana na huu. Kutoka mwanzo hadi hapo ni kilomita 9 hivi, nayo ni tambarare tupu, bila kilima. Magari hakuna. Mtu akienda na kurudi amekwisha kufanya kazi kubwa.

Lakini msidhani ni njia ya mchezo. Mvua ikinyesha, matope huteleza, na maji yako hatua moja tu kando yako. Madaraja ni ya chini na chini yake pana giza, na mwenye baiskeli huweza kutokea ghafula. Mvuvi naye huweza kulaza fimbo yake ndefu kukatisha njia. Penye mteremko wa daraja utakuta matofali yaliyoinuliwa kama mbavu, yaliyowekwa ili kwato za farasi zisiteleze, na hayo humkwaza mwenye viatu vya mpira. Tena utambarare wenyewe una hila yake, kwa maana mguu hurudia hatua ile ile maelfu ya mara, misuli ile ile ikibeba kazi yote. Kwa hiyo dada yetu siku moja katika juma huuacha mfereji na kukimbia penye vilima vya mitaani. Wakati wa baridi, jua linapotua mapema, haendi huko peke yake.

Na mazoezi yenyewe ni ya namna gani? Alipewa mpango wa majuma 12. Siku nne za juma hukimbia, siku tatu hupumzika. Katika siku hizo nne moja ni ya safari ndefu, nayo huongezwa maili moja hivi kila juma, isipokuwa mara kwa mara juma moja hupunguzwa ili mwili upate nafasi. Mwendo ni wa polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Wengi hawaamini hili. Hudhani zoezi lisilokuumiza si zoezi. Lakini moyo na mapafu huzoea upesi, katika majuma machache mtu huona pumzi inatosha, ilhali mifupa na kano huchelewa sana kupata nguvu. Mtu anayesikiliza pumzi yake peke yake hukimbia kupita uwezo wa mifupa yake, na hapo ndipo wanaoanza huumia. Tena nguvu haziongezeki wakati wa kukimbia. Zoezi huuchosha mwili, nao hujijenga upya ukiwa umelala na umekula. Mnamkumbuka Eliya katika 1 Wafalme 19, alipokata tamaa chini ya mti. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akaja akampa tena. Hakumhubiria kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague habari hizi. Dada yetu alikwenda vizuri kwa majuma matano, mpaka safari ndefu ya maili 6. Ndipo mafua makali yakamlaza, na alipopata nafuu akapangiwa zamu za usiku mfululizo. Majuma mawili yakapita bila hatua hata moja. Akaniandikia ujumbe, nami nimepewa ruhusa kuwasomea maana yake. Alisema, “Mchungaji, nimeanguka. Nimeona aibu hata kuwatazama wenzangu. Jumamosi hii nitakimbia maili 15 nilipe yote niliyokosa, na kama sitaweza, basi niache.”

Maili 15, ndugu zangu, kwa mtu aliyetoka kitandani, ambaye hajapata kupita 6!

Nilimwuliza kijana mmoja wa kanisani petu anayefundisha riadha, naye hakusita hata kidogo. Alisema kukosa siku chache si kitu, na kukosa majuma mawili hupunguza nguvu kidogo tu, nazo hurudi upesi. Hatari haimo katika kukosa. Hatari imo katika kulipa. Mtu akibeba mzigo wa majuma matatu kwa siku moja, hupata ufa katika mfupa wa mguu au kano huvimba, na hapo hapotezi tena majuma mawili, hupoteza miezi. Mazoezi yaliyopita yamepita. Mwili hauna daftari la madeni.

Maneno hayo yamenikalia moyoni, kwa sababu yule anayetaka kulipa kwa maili 15 namjua, ninakutana naye kila mahali. Januari mtu huazimu kusoma Biblia yote kwa mwaka mmoja. Sura ni 1,189, kwa hiyo ni tatu na kidogo kila siku. Februari mtoto anaugua, mtu anakosa majuma mawili, na sasa amechelewa kwa sura 45. Jioni moja anaketi azisome zote, anafika katikati ya Walawi, anasinzia, na Biblia haifunguliwi tena mpaka Januari nyingine. Au ni yule aliyetoa ahadi katika harambee ya kujenga kanisa, mambo yakamharibikia, naye tangu siku hiyo haonekani ibadani, anapita njia ya nyuma asikutane na mweka hazina. (Na wale viongozi wanaosoma majina ya wenye madeni mbele ya kusanyiko, sijui wameyapata wapi mafundisho hayo.) Anasema moyoni, nikishalipa nitarudi. Miaka inapita.

Nirudi kwenye mfereji mara moja. Kutoka katikati ya Birmingham, mfereji mwingine unashuka kwa ngazi za maji 13 zinazofuatana. Kila ngazi ni chumba chenye milango mbele na nyuma. Mashua huingia, milango hufungwa, maji hutolewa au hujazwa, nayo hushuka au hupanda. Kwa hiyo mara 13 mashua ilisimama kabisa, na mara 13 farasi alipaswa kuianzisha tena, tani zote zile. Tena hakuruka mbele. Angeruka, kamba ingekatika au mabega yake yangeumia. Aliegemeza kifua katika kola yake, akaikaza kamba, akakaa hivyo karibu bila kusogea, mpaka mashua ikaanza kutambaa, inchi moja, kisha nyingine. Ndipo akapiga hatua. Wala mwenye mashua hakumdai farasi muda uliopotea ndani ya chumba cha maji. Hata leo, penye kona za madaraja ya zamani ya chuma, utaona mikwaruzo mirefu, mingine ya kuzamisha kidole, iliyochimbwa na zile kamba zenye maji na mchanga.

Tena fungueni Luka 15. Yule mwana mpotevu, akiwa bado kwa nguruwe, aliitunga hotuba yake. Sehemu ya mwisho ya hotuba ilikuwa ombi la kufanywa mtumishi wa mshahara, na wengi wetu tunalielewa vema ombi hilo, kwa maana mwenye mshahara aweza kulipa kidogo kidogo. Angalieni vizuri alipofika nyumbani. Aliungama dhambi yake, lakini ile sehemu ya mshahara hakuifikia. Baba alikwisha kuwageukia watumishi na kuagiza vazi, pete na viatu. Toba aliipokea. Mpango wa malipo hakuusikiliza.

Nilimjibu dada yetu hivi: “Mama, Jumamosi usikimbie 15. Kimbia maili 5, polepole, na ukichoka tembea. Hakuna sheria inayokukataza kutembea.” Yule kijana wetu akampangia yaliyobaki: 5, kisha 7, kisha 9, kisha kupunguza mpaka 6 katika juma la kumi na moja ili miguu iwe na nguvu siku yenyewe, tena asivae viatu vipya siku hiyo. Hatashinda mtu, na pengine sehemu ya kilomita za mwisho ataitembea. Jumamosi iliyopita alitoka zamu ya usiku, akalala hadi saa saba mchana, akala, akaenda zake mpaka karibu na Bournville na kurudi. Ameniandikia kwamba maili ya kwanza ilikuwa mbaya sana, ya pili ikawa afadhali.

Nawe uliyeiacha Biblia tangu Februari, usiitafute Februari. Fungua penye tarehe ya leo.

Tuombe. Bwana, uwakumbuke wauguzi waliotoka zamu ya usiku asubuhi hii, hapa kwetu na ng'ambo. Umkumbuke yule anayepita njia ya nyuma kwa sababu ya ahadi aliyoshindwa kuitimiza. Mlete mtu wa kumwendea leo, naye asije na daftari. Katika jina la Yesu. Amina.