Vazi la Kiume na Mwanamke Anayeanza Kulivaa

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Chapwa, Tunduma, mkoani Songwe)



Tunduma ni mji wa njia. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita hapa, reli ya TAZARA hupita hapa, na pamoja na malori na mabehewa hupita desturi za watu wengi. Katika mji wa namna hii, Chapwa ikiwa sehemu yake, si ajabu kumwona mwanamke aliyevaa suruali pana, shati lenye kola, mkanda wa ngozi na viatu vya kamba, na nywele zake zimekatwa fupi. Wako wanaovaa hivyo kwa ajili ya kazi, maana pikipiki, lori na ghala havipatani na sketi nyembamba. Wako pia wanaovaa hivyo kwa sababu ndivyo nafsi zao zinavyotulia. Wote hao hukutana na jina moja njiani: jike-dume.

Jina hilo hutamkwa kwa urahisi, tena wakati mwingine hutamkwa na watu wenye elimu. Kwa hiyo yafaa kuuliza: je, suruali ni mali ya mwanamume tangu asili? Historia ya nchi hii haisemi hivyo.

Neno lenyewe, suruali, limetokana na Kiarabu. Katika Unguja ya karne ya 19 wanawake wa nyumba kubwa walivaa suruali, na suruali za marinda zilijulikana kuwa vazi la kike. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, ambaye aliondoka Unguja mwaka 1866 na kuchapisha kumbukumbu zake huko Ujerumani mwaka 1886, ameyaeleza mavazi hayo, na suruali imo. Wakati huohuo wanaume wa pwani walivaa kanzu, nguo ndefu mpaka miguuni, wala hakuna aliyewaita wanawake. Huku bara mambo yalikuwa mengine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilifanyika kampeni ya kuwataka wanaume wa Kimasai waache lubega na wavae suruali. Kama suruali ingekuwa alama ya kuzaliwa ya uanaume, kampeni hiyo ingekuwa ya nini? Ni wazi kwamba mavazi ni mapatano ya watu, na mapatano hubadilika.

Hatari huanza pale mapatano hayo yanapogeuzwa kuwa fimbo. Mwezi Oktoba 1968, mjini Dar es Salaam, makundi ya vijana yaliwashambulia wanawake katika eneo la Kariakoo kwa sababu ya nguo walizovaa. Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 1969, ilipiga vita nguo fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Lakini aliyeumia barabarani alikuwa msichana aliyekuwa akienda kazini. Jirani zetu wa Malawi walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mwaka 1973 iliwakataza wanawake kuvaa suruali hadharani, na marufuku hayo yakadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hata Ufaransa, amri ya mwaka 1800 iliyomtaka mwanamke wa Paris apate kibali kabla ya kuvaa kama mwanamume ilitamkwa rasmi kuwa haina nguvu mwaka 2013 tu.

Wala mambo haya si ya zamani peke yake. Tarehe 1 Juni 2021, mbunge wa Momba, jimbo lililo jirani kabisa na Tunduma, Ndugu Condester Sichalwe, aliamriwa na Spika wa wakati huo atoke ukumbini mwa Bunge akabadilishe mavazi, baada ya mbunge mwenzake kulalamikia vazi lake. Alikuwa amevaa suruali. Baadhi ya wabunge wanawake walidai aombwe radhi. Picha zake zikaenea, na watu wakabishana: huyu akasema suruali inabana, yule akasema haibani. Ubishi huo una fundisho kwa kila mkuu wa ofisi. Watu wawili wakilitazama vazi moja na kuona mambo mawili, jicho peke yake halitoshi kuwa mwamuzi. Kanuni iliyoandikwa ndiyo inayopaswa kusomwa, tena isomwe kwa wote.

Na kanuni zenyewe hazisimami mahali pamoja. Suti ya Kaunda, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, ilikuwa kwa miaka mingi vazi la heshima la viongozi wa Afrika Mashariki na ya Kati. Hata hivyo, Novemba 2023 Bunge la Kenya liliipiga marufuku ukumbini. Mwanamume aliyevaa suti hiyo siku ile hakupungukiwa na uanaume wala adabu. Ni mapatano tu yaliyobadilika.

Sasa lipo suala la mwanamke anayeanza. Anayeanza jambo hukosea kwa haraka, na haraka haraka haina baraka. Kosa la kwanza ni kuchukua nguo za kaka yake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na hapa methali hiyo ni kweli neno kwa neno. Shati la kaka huanguka mabegani, mikono humeza vidole, na suruali hubana nyonga huku ikipwaya kiunoni. Anayetazama huona mtu aliyejificha ndani ya nguo za mwingine.

Dawa yake ni fundi cherehani. Shati hupimwa kwanza mabegani: mshono wa bega ukae penye mfupa wa bega, kwa maana kifua na kiuno huweza kupunguzwa kwa urahisi, lakini bega likikosewa shati zima limeharibika. Suruali hupimwa kiunoni, nyongani na mapajani, halafu ishuke wima mpaka juu ya kiatu. Suruali ya kiume haifuati umbo la mguu, na kwa sababu hiyo yenye kipimo sahihi haibani. Mifuko yake ni mirefu, inabeba funguo, simu na chaki. Shati la kiume vifungo vyake viko upande wa kulia wa mvaaji, na la kike viko kushoto. Anayenunua mitumba atazame hapo kwanza. Koti lisilo na tai, kwa mfano wa suti ya Kaunda, humfaa anayeanza, maana hukatwa kwa kitambaa kimoja juu na chini, nalo halihitaji mapambo. Tena hufaa kwa baridi ya Juni na Julai ya nyanda hizi.

Haimlazimu kubadilisha kila kitu kwa siku moja. Viatu vya kamba vilivyong'arishwa vinaweza kutangulia, kisha mkanda, kisha shati, kisha suruali. Kila hatua humpa nafasi ya kujua kama yeye mwenyewe anastarehe, na huwapa jirani na wenzake kazini muda wa kuzoea. Mshahara wa mwalimu nao hauruhusu kununua kabati zima. Suruali mbili na mashati matatu, yaliyofuliwa na kupigwa pasi, yanatosha. Na akiwa mtumishi wa umma, kabla ya kwenda kwa fundi asome Waraka wa Utumishi Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, ili akiulizwa ajibu kwa maandishi badala ya machozi.

Kuhusu nywele, walimu wana sababu ya kuwa wapole. Katika shule nyingi za serikali msichana huamriwa kuweka nywele fupi kama mvulana kwa miaka yote ya masomo. Hakuna anayemwita jike-dume. Akihitimu, akiona nywele hizo zinamfaa na kuendelea nazo, leo hii anaulizwa ana nini. Shule iliyomfundisha kuwa nywele fupi ni nidhamu haina haki ya kumwambia kesho kuwa ni aibu.

Ndugu walimu na watumishi, mwanamke anayekuja kazini kwa shati na suruali safi anastahili kupimwa kama wenzake. Je, amefika kwa wakati? Je, daftari zimesahihishwa? Je, mwananchi aliyefika dirishani amehudumiwa? Mkuu wa shule akiona kanuni imevunjwa, amwite ofisini, amwonyeshe kifungu, amweleze kwa staha, wala asimwaibishe mbele ya wanafunzi. Watoto husikia. Mtoto aliyesikia mwalimu wake akiitwa jike-dume na mwalimu mwenzake hujifunza somo ambalo halimo katika mtaala, na kesho atalifanyia mtihani barabarani, juu ya binti wa mtu mwingine. Askari mwanamke huvaa suruali ya kazi na raia humpigia saluti kwa mdomo. Heshima hiyohiyo haina budi kumfikia mwalimu wa kike wa Chapwa, aingiapo darasani na chaki mfukoni.