Likizo Nairobi: Chumba Rahisi Kiko Wapi?

Mgeni anayekuja Nairobi kwa Madaraka Express, treni iliyoanza safari mwaka 2017, hushuka Syokimau, mbali na katikati ya jiji. Wengi hutazama bei ya chumba peke yake. Nauli ya kila siku huisahau, nayo ndiyo inayomaliza pesa za likizo.

Upande wa Makongeni, kando ya Barabara ya Jogoo, hesabu hubadilika. Mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, ndiyo maana uko karibu na njia ya treni na kilomita chache tu kutoka mjini. Treni ya abiria ya kutoka Syokimau husimama Makadara kabla ya kufika stesheni kuu, ambako Makumbusho ya Reli hayako mbali. Na nyama? Soko la Burma liko pale karibu na City Stadium.

Nyumba za reli zilikusudiwa wafanyakazi, si wageni, kwa hiyo gesti na vyumba vya muda vitafutwe mitaa ya jirani, Buruburu ikiwemo.

Tahadhari zipo. Asubuhi magari hukwama Jogoo yakielekea mjini, na mvua ikinyesha nauli ya matatu hupanda papo hapo. Kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa, mgeni amuulize mwenye chumba: maji hutoka siku zipi, geti hufungwa saa ngapi, na njia ya kutoka steji ina taa usiku?